Acheni kusema "tumewarudisha majini": trauti mnaowakokota bwawani msimu wa joto wanakufa nyuma yenu

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika nikiwa na hasira na sitajaribu kuificha. Jana asubuhi, nikiwa peke yangu katika mashua yangu ndogo, nikikokota mishipi miwili yenye chambo nyuma ya mashua inayokwenda, niliokota trauti watano waliokuwa wakielea matumbo juu katika njia ileile iliyokuwa imepitiwa muda mfupi kabla na boti ya watu watatu. Wote walikuwa na jeraha bichi la ndoana mdomoni. Mmoja alikuwa bado anahema. Nilipowafikia wale watu na kuwaonyesha samaki, walinijibu, bila hata kusimamisha mashine, kwamba wao tangu alfajiri wamenasa zaidi ya ishirini na hawajaua hata mmoja, kwa kuwa kila waliyemnasa walimrudisha majini. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, tena kutoka kwa watu wanaojihesabu kuwa waungwana kuliko sisi tunaoondoka na samaki wetu.

Nilishusha kipimajoto palepale. Juu ya maji kilisoma nyuzijoto 23 za Selsiasi, na nilipokifikisha mita 11 kilisoma 13. Anayevua trauti kwa kukokota bila kuzijua namba hizo mbili hajui anachokifanya, na ninalisema hilo kwa dhati. Msimu wa joto maji ya bwawa lenye kina hujigawa matabaka: ya juu, yanayopigwa na jua, huwa mepesi, ya chini hubaki baridi na mazito, na kati yao pana ukanda ambamo joto hushuka ghafla ndani ya mita chache tu. Trauti wa upinde wa mvua hustawi katika maji ya nyuzijoto 12 hadi 16 hivi. Yakizidi 20 huanza kutaabika, na yakikaribia 25 uhai wake uko hatarini hata kama hakuna mtu aliyemgusa. Kwa hiyo hushuka chini ya ukanda ule. Lakini hawezi kushuka apendavyo, kwa sababu kule chini kabisa majani na viumbe waliokufa huoza katika maji ambayo hayaguswi na hewa kwa miezi kadhaa, na oksijeni huisha kidogokidogo. Isitoshe, mabwawa mengi yana tundu la kutolea maji karibu na sakafu ya ukuta, na yanapofunguliwa maji yanayoondoka ni hayohayo ya baridi. Samaki hubanwa katika nafasi inayozidi kuwa nyembamba kadiri msimu unavyosonga, juu yao moto, chini yao hewa haba.

Hiyo ndiyo sababu tunawapata kirahisi. Wanaonekana kwenye kioo cha kutambulia samaki kama mstari ulionyooka, na anayetumia mshipi wenye kiini cha madini ya risasi kinachouzamisha, au daunriga yenye mzigo wa kuvuta mshipi hadi kina anachotaka, anaweza kupitisha chambo mbele ya midomo yao siku nzima. Urahisi huo hautokani na ufundi wa mtu.

Sasa fikirieni kinachompata samaki huyo. Chambo kinapita kwa mwendo wa kilomita tatu hivi kwa saa, anakidaka, ndoana inazama, na mshipi uliotolewa mita hamsini nyuma ya tezi unaanza kukunjwa huku boti ikiendelea kwenda, kwa kuwa nahodha hataki mishipi mingine ishuke na kunasa chini. Samaki anapigana na fimbo na boti kwa pamoja. Misuli yake inajaa asidi, damu yake inakosa oksijeni, na wakati huohuo anavutwa kutoka maji ya nyuzijoto 13 kwenda ya 23, ambako mwili unadai oksijeni zaidi na maji yana kidogo zaidi: maji ya nyuzijoto 10 huweza kushika takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita, ya 20 takriban 9, na yakizidi kupata joto hushika pungufu ya hapo. Kisha anatolewa nje kabisa, anashikwa kwa mikono mikavu inayomfuta ute unaomkinga, anainuliwa apigwe picha, mara ya kwanza haikutoka vizuri, anainuliwa tena.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulipima jambo hilihili kwa trauti wa upinde wa mvua. Miongoni mwa waliochoshwa kwa kukimbizwa tu, asilimia 12 walikufa ndani ya saa 12. Waliochoshwa kisha wakawekwa nje ya maji kwa sekunde 30, walikufa asilimia 38. Waliowekwa nje kwa sekunde 60, walikufa asilimia 72. Dakika moja, ndugu zangu. Wale niliowatazama jana walimkalisha samaki mmoja hewani muda wa kutosha mtu kuhama kutoka omo hadi tezi ili apige picha na mwanga ukiwa nyuma yake.

Kuna visingizio viwili ninavyotaka kuvijibu kabla havijaletwa hapa. Cha kwanza ni kwamba samaki anaelea kwa sababu kibofu chake cha hewa kimevimba kutokana na kina, na wapo wanaotembea na sindano ya kumtoboa ubavuni. Acheni sindano hizo mara moja. Trauti ana mrija unaounganisha kibofu hicho na koo lake, na kwa njia hiyo hutoa hewa iliyozidi kwa mdomo anapopanda. Anaelea kwa sababu amekwisha nguvu, na wewe unamwongezea tundu.

Cha pili ni kwamba alfajiri maji huwa yamepoa. Mtoni ni kweli. Bwawani, maji ya juu yaliyohifadhi joto la wiki nzima hayapozwi na usiku mmoja zaidi ya nyuzi moja au mbili, na jana ninayoisimulia ilikuwa ni asubuhi mapema.

Sisemi watu wasivue. Mimi mwenyewe huvua, na huua samaki ninaokula. Ninachosema ni kwamba maji ya juu yakifika nyuzijoto 20, kunasa na kuachia kutoka kina kirefu si uvuvi wa huruma. Mtu achukue wale wa kwanza aliowapata kihalali, awaue papo hapo kwa pigo moja la kichwa, awaweke kwenye barafu, na idadi inayoruhusiwa ikitimia akunje mishipi arudi ufukweni. Aliyeua wanne akaondoka amemaliza trauti wanne. Wale walionasa ishirini na kuwatupa wote, hawajui wamemaliza wangapi, na wanajisifu kwa kutojua huko. Kama kanuni ya bwawa inakataza kuchukua samaki, basi katika wiki za joto asiende kuvua hapo, afanye jambo jingine. Na anayelazimika kumwachia samaki mdogo kuliko kipimo, asimamishe boti kwanza, amwache ndani ya wavu wenye nyuzi laini huku maji yakimpita kwenye matamvua, achomoe ndoana kwa koleo bila kumnyanyua. Zile ndoana za meno matatu, mbili au tatu kwenye chambo kimoja, zibadilishwe na ndoana moja iliyobanwa kijino chake. Zinamfunga samaki mdomo na jicho kwa pamoja, na nimechoka kuviona vichwa vilivyochanika.

Yule aliyekuwa bado anahema nilimshika ubavuni mwa mashua, kichwa kikielekea upepo unakotoka, kwa karibu dakika kumi. Mara mbili alijaribu kwenda akageuka tumbo juu. Mara ya tatu alizama akiwa ameinama upande mmoja, na sikumwona tena.

Nyinyi watatu, kama mnasoma hapa, mnajijua. Sitaki mniombe radhi. Nataka mnijibu hadharani: kabla ya kushusha mishipi yenu jana, maji ya juu mliyapima yakasoma nyuzijoto ngapi?