Programu ya presha kwenye simu imetafsiriwa vizuri, lakini wazee hawaielewi

Muuguzi wa Dunda:

Wanajukwaa wenzangu, habari za kazi. Ninahudumu katika kliniki ya presha na kisukari hapa Bagamoyo. Miezi michache iliyopita tulikabidhiwa programu ya simu iliyotungwa ng'ambo kwa ajili ya wagonjwa wanaojiangalia nyumbani, nayo ikatafsiriwa kwa Kiswahili ambacho kisarufi sina la kukikosoa. Hata hivyo, wazee wanaifungua mara moja, basi.

Juzi nilikaa na bibi mmoja wa Kaole nikamwomba anisomee ukurasa wa lishe. Alisoma vizuri mpaka alipofika kwenye "punguza ulaji wa sodiamu", yaani ile iliyomo kwenye chumvi, akaniuliza hiyo sodiamu inauzwa duka gani, maana yeye hajawahi kuinunua. Ukurasa mzima haukutaja ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, ambaye wakati huo huo alikuwa akichemka jikoni kwake. Wapo pia wazee waliosoma chuo cha Kurani tu, ambao Kiswahili wanakisoma kwa herufi za Kiarabu.

Wenye programu wanataka maandishi yasizidi kiwango cha darasa la sita, na wametutumia kanuni ya kukokotoa ugumu wake. Je, kanuni hiyo inafaa kwa Kiswahili, au tuandike upya kila kitu?

Mfasiri Mstaafu:

Ndugu Muuguzi, kanuni za namna hiyo nyingi zilitungwa kwa Kiingereza. Ile ya SMOG, kwa mfano, ambayo G. Harry McLaughlin aliichapisha mwaka 1969, huhesabu maneno yenye silabi tatu au zaidi na kuyachukulia kuwa magumu. Sasa chukua sentensi ambayo mtoto wa chekechea anaielewa: "Amekunywa dawa asubuhi." Maneno mawili kati ya matatu yana silabi nne nne, kwa hiyo kanuni itaihukumu kuwa ngumu, huku neno la kitabuni kama "siha" likipita bila kuguswa.

Mimi hutumia njia ambayo Wilson Taylor aliieleza mwaka 1953: unafuta kila neno la tano katika aya, kisha unamwomba msomaji ajaze mapengo. Kwa Kiswahili huwa nafuta kila neno la saba, kwa sababu kitenzi chetu kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa, na ukikiondoa umeondoa nusu ya sentensi. Asiyeweza kuandika asomewe, kisha aeleze kwa maneno yake atakavyofanya akifika nyumbani. Mwambie mapema kwamba yanayopimwa ni maandishi, si yeye.

Mfamasia wa Magomeni:

Kabla ya lishe, kagua saa. Programu moja niliyosaidia kuirekebisha ilikuwa ikituma ujumbe: "Kunywa kidonge chako saa 8:00 usiku." Aliyeitunga alikusudia saa mbili za usiku; tarakimu ilinakiliwa kama ilivyo kwenye saa ya Kizungu, na mfasiri akaongeza neno "usiku" kwa nia njema. Mama mmoja, mwaminifu kwa dawa kuliko wengi wetu, akawa anatega kengele ya simu ya mjukuu wake na kuamka saa nane kila usiku. Alipokuja dukani alilalamikia usingizi, dawa hakuitaja kabisa. Kosa lile hakuna mhariri wa lugha ambaye angeliona, kwa kuwa sentensi yenyewe haina dosari.

Vivyo hivyo, ujumbe wa "kila baada ya saa 8" mgonjwa wetu hausikii kama anavyousikia "kimoja kutwa mara tatu". Halafu kuna Ramadhani: programu itamke wazi kwamba mgonjwa aonane na daktari kabla mwezi haujaandama, wapange pamoja dawa za futari na daku, asije akajipangia mwenyewe.

Bint Mlingotini:

Naongeza machache kama mhudumu wa afya ya jamii. Majina ya maradhi yafuate wanavyoyaainisha watu. Utafiti uliofanyika katika wilaya yetu hii na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba degedege ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa peke yake, hivyo ujumbe unaozungumzia "malaria kali" pekee unaweza kumpita mama ambaye mtoto wake anakakamaa mbele yake.

Pia, tafadhali, ondoeni "Mambo" kwenye ujumbe kwa wazee. Mwanzo wake uwe "Shikamoo". Na kwa wasiosoma, hapa hapa mjini tuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Wanafunzi wa sanaa za maonyesho wanaweza kurekodi sauti zenye lafudhi ya kwetu.

Muuguzi wa Dunda:

Ahsanteni sana. Saa nimezikagua usiku wa jana, na kweli nimekuta mbili zimepinda. Asubuhi nilirudi kwa yule bibi na sentensi mpya: "Chumvi ya siku nzima, pamoja na iliyomo kwenye ng'onda, isizidi kijiko kimoja cha chai." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo nimloweke kwanza, yale maji nimwage?" Hilo la kuloweka halikuwamo katika programu. Nimeliingiza.