Naomba ushauri: msaada wa Kakuma tuugawe vipi?

Ndugu zangu, kikundi chetu cha akina mama hapa Nakuru kimekusanya magunia 40 ya mahindi na maharagwe, tukikusudia kuyapeleka Kakuma, kaunti ya Turkana, ambako kambi ya wakimbizi imekuwepo tangu mwaka 1992. Kinachonikosesha usingizi ni wenyeji. Mturkana aliyepoteza mbuzi wake wote kwa ukame atajisikiaje akiliona lori letu likimpita na kuingia kambini? Makazi ya Kalobeyei, yaliyoanzishwa jirani mwaka 2016, yalipangwa ili wakimbizi na wenyeji watumie pamoja shule, zahanati na masoko, nami naona huo ndio utaratibu wa haki.

Baadhi ya wenzangu wanashauri tuuze nafaka na kutuma fedha, kwa kuwa chakula cha bure huwaharibia soko wachuuzi wa kule, na gharama ya lori kupitia Kitale na Lodwar ni kubwa. Hoja hiyo ni nzito, ingawa mwenye njaa anahitaji kula leo.

Aliyewahi kupeleka msaada huko anieleze: tuanze kwa machifu au kwa idara ya serikali inayoshughulikia wakimbizi, na mgao kati ya wakimbizi na wenyeji hupangwaje bila kuzusha ugomvi?