Tupeane uzoefu: neno "set" kwenye kazi yako lina maana gani?

Mwalimu, Chumbageni
Wadau wa Tanga, salaam aleikum. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, toleo la pili la 1989, inakipa kitenzi "set" maana 430 hivi. Hakuna anayezihitaji zote. Ila vijana wetu wa ufundi wakifungua kitabu cha simenti, cha injini au cha mashine ya vifaranga wanalikuta, na kwa kuwa shuleni waliambiwa "set" ni kuweka, wanabaki kuduwaa. Kila mtu aandike la kazi yake: maana, hatua, na kinachoharibika likieleweka vibaya.

Naanza na sarufi. Umbo halibadiliki, la leo na la jana ni lilelile. Kwa hiyo "he set the price" bila s mwishoni ni alipanga bei, imeshapita. "He sets the price" ni yeye hupanga bei. Kwenye mikataba hiyo s moja ina uzito.

Fundi zege, Ngamiani
Kwetu "set" ni kushika. Si kukauka! Hapo ndipo slabu nyingi zinapoharibikia. Simenti inashika kwa kuungana na maji, siyo kwa kuyapoteza, ndiyo maana zege linashika hata likiwa ndani ya maji. Kitabu kinatenga "setting" na "hardening". La kwanza ni kushika: zege linaacha kuwa laini, halifinyangiki tena. La pili ni kukomaa: nguvu inaongezeka siku hadi siku, na kipimo chake hupimwa siku ya 28.

Mfuko wa kilo 50 unataka maji lita 25 hivi, ukihesabu na unyevu uliomo mchangani. Kushika huanza baada ya saa moja na kitu, na joto letu la Januari linaharakisha, kwa hiyo koroga unachoweza kumwaga muda huohuo. Likianza kushika kwenye karai usiongeze maji ili ulilegeze. Unavunja kilichokwisha kuungana, na maji ya ziada yakitoka yanaacha vitundu. Likishashika juu, funika kwa magunia yaliyoloweshwa, yasikauke kwa siku 7 angalau. Upepo wa bahari ukikausha uso mapema, nyufa ndogondogo zinatokea siku hiyohiyo. Mchanga wa ufukweni usiooshwa usiukaribishe kwenye nondo, chumvi inakula chuma.

Mwalimu, Chumbageni
Kwa hiyo "leave until set" ni liache mpaka lishike?

Fundi zege, Ngamiani
Naam. Ila kwenye jeli na kastadi za jikoni ni mpaka igande.

Baharia, Sahare
Baharini hilo neno linakwenda juu na chini. "The sun sets" ni jua linatua. "Set sail" ni kutweka tanga. Na sisi watu wa vyombo tunajua kutweka na kutua ni kazi mbili kinyume: ukitweka tanga linapanda, ukitua linashuka. Anayetafsiri kwa kubahatisha atashusha tanga la mwenzake.

Kutweka kwenyewe kuna mpangilio. Tanga liwe limeshafungwa kwenye foromali (mti unaobeba tanga), goshi (pembe ya mbele ya tanga) lifungwe mbele, demani (kamba ya kuongozea tanga) iachwe imelegea, ndipo watu wavute henza (kamba ya kupandishia) mpaka foromali ifike juu ya mlingoti. Demani ukiikaza kabla, tanga linashika upepo foromali ikiwa katikati, watu wanashindwa kuvuta na chombo kinalala ubavu.

Lakini la hatari zaidi liko kwenye chati. Huko "set" ni upande ambao mkondo unaelekea, na "drift" ni kasi yake. Upepo tunautaja kwa unakotoka, mkondo unatajwa kwa unakokwenda. Mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unakaza zaidi. Basi chati ikisema mkondo kaskazini na upepo kusini, usidhani vinapingana: vyote viwili vinakusukuma kwenda kaskazini. Mkondo wa maili 2 za bahari kwa saa, katika safari ya saa 5 kuelekea Pemba, unakupotosha maili 10. Omo (mbele ya chombo) ielekee kusini ya unakotaka kufika tangu mwanzo wa safari, maana kurudi nyuma dhidi ya upepo na mkondo ni mateso.

Karani wa mahakama
Naomba watu wawe makini sana na "set aside". Kwenye bajeti, "the council set aside funds" ni halmashauri imetenga fedha. Kwenye hukumu, "the court set aside the judgment" ni mahakama imetengua hukumu, haina nguvu tena. Kutenga na kutengua vinasikika karibu, lakini mtu aliyehukumiwa upande mmoja bila kuwapo anapaswa kuomba hukumu itenguliwe ili asikilizwe. Maombi hayo yana ukomo wa muda, usikae nayo nyumbani. "The case is set for hearing" ni kesi imepangwa kusikilizwa, angalia tarehe.

Mfugaji, Pongwe
Mashine ya vifaranga ina "set" mbili. Ya kwenye kitufe ni kupanga kiwango: nyuzi 37.5 kwa mashine yenye feni. Ya mayai ni kuyaingiza, na siku ya kwanza inatimia saa 24 baada ya hapo, si palepale ulipofunga mlango. Ukikosea hesabu unaacha kugeuza mapema. Mayai ya kuku yakae ncha nyembamba chini, yageuzwe angalau mara 3 kwa siku mpaka siku ya 18, kisha yaachwe na unyevu uongezwe hadi siku ya 21. Ukinunua, soma jina: "setter" ni ya zile siku 18, "hatcher" ni ya siku za mwisho za kuangua. "Setter" peke yake trei zake zinainama, kifaranga hana pa kusimama.

Seremala, Makorora
Kwenye msumeno "set" ni mpindo wa meno, moja kulia, moja kushoto, ili njia iwe pana kuliko bapa. Pinda nusu ya juu ya jino tu, ukipinda kuanzia shinani linakatika. Mbao mbichi zinataka mpindo mkubwa zaidi, mninga mkavu mdogo. Msumeno ukibana katikati ya ubao, mpindo umeisha. Ukiyumba upande mmoja, meno ya upande huo yamepindwa zaidi.