TV za chogo zimevunjwa uani kwangu: je, risasi iliyomo kwenye kioo ni hatari kwa mtoto na kwa bustani?

Mama wa Ilomba

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Ilomba, Mbeya. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa redio na televisheni kwa zaidi ya miaka 20, na alipofariki mwaka jana alituachia stoo nyuma ya nyumba yenye televisheni 11 za chogo. Nyingi ni za wateja ambao hawakurudi kuzichukua baada ya matangazo kuhamia kwenye ving'amuzi mwaka 2013 na watu kuanza kununua zile bapa.

Wiki iliyopita, nikiwa kazini, mdogo wangu alimruhusu kijana mmoja anayenunua chuma chakavu aingie achukue kopa. Niliporudi nilikuta amevunja televisheni mbili kwa nyundo palepale uani, hatua chache tu kutoka kwenye matuta yangu ya chainizi na mchicha. Alichukua koili na nyaya, vioo akaviacha. Mwanangu wa miaka miwili na nusu alikuwa amechuchumaa, ameshika kigae cha kioo cha kijivu, na vingine vitatu amevipanga juu ya kifuniko cha sufuria kama mtu anayepika. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa unga uliokuwa ndani ya kioo kile, na kuku walikuwa wanachakura katikati ya vipande.

Nilimnawisha, nikafagia vioo vyote, nikavijaza kwenye kiroba na kukiweka nyuma ya choo. Jana jirani akaniambia kuwa kioo cha televisheni za zamani kina risasi, yaani yale madini yenye sumu, na tangu hapo sijapata usingizi. Naomba mwenye kujua anieleze: je, ni kweli? Kiroba kile nikipeleke wapi? Mboga zile tunaweza kuendelea kuzila? Na zile tisa zilizobaki stoo nizifanyeje? Mvua bado hazijaanza huku, na vumbi ni jingi.

Fundi Mstaafu, Mwanjelwa

Pole sana, mwanangu, kwa msiba wa baba na kwa wasiwasi huu. Jirani yako amesema kweli, lakini ngoja nikupe kwanza jambo la kukutuliza: zile tisa zilizobaki, maadamu hazijapasuka, hazimdhuru mtu yeyote kwa risasi. Risasi imeyeyushwa pamoja na kioo chenyewe, haitoki kwa kukaa wala kwa kuguswa. Watu wametazama televisheni hizi maisha yao yote, na risasi ile ile ilisaidia kuwakinga na miale inayozalishwa ndani. Hatari inaanza pale nyundo inapogusa shingo.

Na hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu nyundo haina kazi yoyote katika kupata kopa. Ile koili kubwa inayokaa kwenye shingo ya tyubu, yaani kile kioo cha picha chenye chogo, koili ambayo sisi mafundi tunaiita yoku, imeshikwa na kola yenye skrubu moja, na mara nyingi na vipande vidogo vya mpira vilivyobanwa kati yake na kioo. Fundi akishatoa umeme uliobaki ndani ya tyubu, akilegeza skrubu ile na kuchomoa vipande vya mpira, yoku inateleza na kutoka nzima mkononi, na kioo kinabaki kizima. Vijana wa chuma chakavu hawajaonyeshwa hilo. Wanapiga shingo, hewa inaingia kwa mlio wa kufyonza, na tyubu ikishapasuka wanaona wamemaliza, wakati kazi yenyewe mbaya ndiyo kwanza imeanza. Tena tyubu haina hewa ndani, kwa hiyo ikipigwa vibaya inaweza kujibomoa yenyewe na vipande kuruka hadi usoni.

Nakusihi usijaribu kufungua hizo tisa wewe mwenyewe, hata kama zimekaa muda mrefu bila kuchomekwa. Tyubu hutunza umeme mkali, na nimeshuhudia mwenzangu akirushwa na televisheni iliyokuwa imezimwa tangu asubuhi.

Niseme na jambo moja linalotuhusu mafundi, kwa kuwa najua wapo wanaosoma hapa. Waya wetu wa kulehemu ule wa kawaida ni bati asilimia 60 na risasi asilimia 40. Mikono miwili inapokuwa na kazi, mmoja umeshika kifaa na mwingine chuma cha kulehemu, wengi wetu tuliushika waya ule kwa meno. Mimi niliushika kwa meno kwa miaka mingi, kisha nikala kitumbua bila kunawa. Ule moshi unaowasha macho kwa kiasi kikubwa ni wa ile dawa ya kulainishia lehemu. Risasi yenyewe inaingia mwilini kwa njia ya vidole na mdomo. Vijana, nunueni kishikio cha waya, na sabuni iwepo kibandani.

Mwalimu wa Kemia, Iringa

Kamwene, dada. Mzee amelieleza vizuri, nami naongeza kile ninachowafundisha wanafunzi wangu huku Iringa, kwa sababu ukijua risasi imekaa wapi utajua kipande kipi cha kuogopa zaidi.

Ndani ya televisheni ya rangi elektroni husukumwa kwa volti kati ya 20,000 na 30,000, na zinapogonga kwa kasi hiyo huzalisha eksirei. Risasi, kwa uzito wa atomu zake, huzizuia eksirei hizo zisimfikie mtazamaji, na ndiyo sababu viwanda viliichanganya kwenye kioo. Lakini haikuwekwa sawasawa kila mahali. Kioo cha nyuma, kile chenye umbo la faneli kinachofanya chogo, kina takriban asilimia 20 hadi 25 ya oksidi ya risasi. Shingo yake nyembamba inaweza kufika asilimia 30 na zaidi. Na pale uso wa televisheni unapoungana na chogo kuna mshono wa kijivu, ambao ni gundi ya kioo iliyochomwa, na huo una zaidi ya asilimia 70. Kioo kinene cha mbele, ambacho wengi hudhani ndicho kibaya, kwa televisheni za rangi kina risasi kidogo sana au hakina kabisa, kwa sababu kioo cha risasi kikipigwa na elektroni kwa muda mrefu hugeuka rangi ya kahawia; huko mbele walitumia bariamu na stronti badala yake. Ukijumlisha yote, televisheni moja ya rangi ya ukubwa wa kawaida inaweza kubeba kilo moja hadi mbili za risasi, na zile kubwa zaidi ya hapo.

Kwa hiyo kigae cha kijivu alichokishika mtoto kilitoka kwenye chogo. Ule unga mweusi kwenye vidole ni grafiti iliyopakwa ndani ya chogo, na yenyewe haina sumu. Tatizo ni chembe za kioo zilizosagika na kuchanganyika nayo. Upande wa ndani wa kioo cha mbele kuna unga mwingine, mweupe, wa kemikali zinazotoa mwanga, na katika televisheni za zamani sana unaweza kuwa na kadimiamu. Huo nao usiguswe wala kupulizwa.

Kioo kizima hakiachii risasi kwa urahisi, ila kadiri kinavyosagwa ndivyo eneo linaloguswa na maji linavyoongezeka, na maji yenye tindikali, kama yale yanayopita kwenye jalala lenye taka zinazooza, huivuta risasi itoke. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walisaga vioo vya televisheni na kompyuta na kuviloweka kwenye tindikali hafifu, kwa kipimo kinachotumika Marekani kuamua ni taka ipi ni ya hatari. Kwa tyubu zote walizopima walipata wastani wa miligramu 18.5 za risasi kwa lita, ilhali kikomo ni miligramu 5. Ndiyo maana usikifukie kiroba kile shambani, wala usikitupe mtoni au kwenye dampo la mtaa.

Sasa uani kwako. Kufagia kukavu, samahani dada, ndiko kunakorusha chembe zile hewani, kwa hiyo usirudie. Mfungie mtoto ndani au mpeleke kwa jirani, vaa glavu nene, barakoa na viatu vilivyofunika vidole, kisha nyunyizia eneo maji kidogo mpaka vumbi litulie bila kutiririka. Okota vipande vilivyobaki kwa mkono wenye glavu, weka pamoja na kile kiroba ndani ya ndoo ngumu yenye kifuniko, na uandike juu yake kwamba ni kioo chenye risasi. Halafu kwangua udongo wa juu kiasi cha sentimita tano pale walipovunjia, uufunge nao, na ulete udongo safi wa kufunika. Risasi haiozi wala haizami haraka, hubaki tabaka la juu miaka na miaka, na hilo kwako ni ahueni, kwa kuwa unaweza kuikwangua. Fanya hivyo kabla mvua hazijaanza kutawanya kila kitu.

Kuhusu mboga, mizizi ya chainizi na mchicha huvuta risasi kidogo tu. Kinachochafua zaidi ni vumbi na tope linalorukia majani, na majani ya chainizi yenye mikunjo hulishika vizuri. Ningekuwa mimi, mboga zilizopo kwenye matuta yale ningezing'oa zote na kuhamishia bustani upande mwingine wa nyumba.

Mahali pa kupeleka ndoo na zile tisa ni kupitia ofisi ya NEMC, taasisi ya serikali ya usimamizi wa mazingira, ya kanda yenu, ambayo iko hapo hapo Mbeya. Nchi yetu ina kanuni za taka za umeme na elektroniki za mwaka 2021, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na wao ndio watakaokuelekeza kwa mkusanyaji mwenye kibali.

Muuguzi, Makambako

Mama, nashukuru umeandika mapema. Nitajibu kuhusu mtoto tu.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile ambacho mtu mzima angefyonza akimeza kiasi kilekile. Kwa umri wa mwanao kila kitu kinapitia mdomoni, na ubongo bado unajengeka. Kwa kawaida mtoto haonyeshi dalili zozote mwanzoni. Zikija, huwa ni tumbo kuuma, choo kigumu, kukosa hamu ya kula, hasira zisizo za kawaida na upungufu wa damu, ambazo ni rahisi kuzifananisha na minyoo. Kwa hiyo usisubiri dalili. Mpeleke hospitali, mweleze daktari kinagaubaga kilichotokea, na uulize kuhusu kipimo cha risasi kwenye damu. Shirika hilo linapendekeza kwamba kikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kuondolewa; dawa za kuitoa mwilini ni za viwango vya juu zaidi, kwa watoto kuanzia mikrogramu 45, na hutolewa na daktari peke yake.

Nisingependa ushtuke kupita kiasi. Kucheza na vigae siku moja si sawa na yaliyowapata watoto wa Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, ambako zaidi ya 400 walifariki kwa sababu mawe ya dhahabu yenye risasi yalikuwa yakisagwa majumbani. Ila njia ni ileile, vumbi la uani likaingia mdomoni, na ukiliondoa vumbi umekata njia.

Kuna watakaokushauri umpe maziwa au mkaa ili sumu itoke. Mkaa hauishiki risasi. Maziwa hayaitoi, ingawa mtoto anayepata kalisi na madini ya chuma ya kutosha huifyonza kidogo, kwa hiyo dagaa, maharage, maziwa na mboga safi ni vizuri kwa sababu hiyo. Asikae na njaa, kwani tumbo tupu hufyonza zaidi. Mnawishe kwa sabuni kabla ya kila mlo, kata kucha, viatu vibaki mlangoni, na sakafu pigeni deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Na kama wewe au mwingine pale nyumbani ni mjamzito, asiguse kazi ya kukwangua udongo.

Mama wa Ilomba

Shikamoo, mzee wangu, na asanteni sana mwalimu na dada muuguzi. Nimefanya kama mlivyoelekeza. Mume wangu amekwangua udongo, tumejaza ndoo tatu, mboga nimezing'oa zote. Mtoto amechukuliwa damu juzi na sampuli imetumwa, tunasubiri majibu. Swali langu la mwisho ni kuhusu wale kuku. Wanataga, na mayai ndiyo kifungua kinywa cha mtoto.

Mwalimu wa Kemia, Iringa

Dada, kuku anayechakura kwenye udongo wenye risasi humeza chembe zake, na risasi huweza kuingia kwenye yai, hasa kiini. Wafungie bandani na uwape chakula cha dukani, na kwa sasa mtoto apewe mayai ya kununua mpaka upate majibu ya damu yake.

Fundi Mstaafu, Mwanjelwa

Marahaba, mwanangu. Kama unamfahamu yule kijana wa kopa, mwambie anitafute Mwanjelwa, karibu na wauza spea za redio. Kibandani ninayo tyubu moja ya nchi 21 ambayo nimeshaitoa umeme. Nitamwekea bisibisi mkononi, na nitakaa naye mpaka aitoe yoku ile nzima kwa mkono wake.