Cat5e, Cat6 au Cat6A: kebo ipi ya kuzika ukutani?

Kabla_ya_Plasta
Wakuu, naomba mnilinganishie kebo za mtandao kwa nyumba ambayo kuta hazijapigwa plasta. Vituo ni 12: vyumba, sebule, Wi-Fi mbili za darini na kamera 3 za nje zinazopata umeme kwa kebo hiyohiyo. Njia ndefu kuliko zote hadi kabati la swichi ni mita 38, wastani ni mita 22. Mabomba ya ukutani ni ya milimita 25. Halafu kuna banda la kazi, mita 60 kutoka kwenye nyumba. Nataka kebo ya kukaa miaka 20. Nichukue ipi?

Jozi_Nne
Cat6 ya UTP (jozi nne za waya zilizosokotwa, bila ngao), waya mzima na si wa nyuzi nyingi, shaba tupu.

Cat5e hupimwa hadi megahezi 100 na hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100 bila shida. Hata gigabiti 2.5 inapita, kwa sababu kiwango cha 802.3bz cha mwaka 2016 kilitungwa kwa ajili ya kebo ambazo tayari zimo ukutani. Mwenye Cat5e nzima asiifumue. Ila anayenunua leo achukue Cat6: megahezi 250, na gigabiti 10 hadi mita 55. Cat6A ni megahezi 500 na gigabiti 10 hadi mita 100, umbali ambao nyumba yako haina.

Kumbuka hizo mita 100 ni pamoja na kebo fupi za kuunganishia: 90 za ukutani na 10 za huku na huku mwishoni.

Kabati_Safi
Hapo kwenye mita 55 napingana na mkuu Jozi_Nne. Kebo nyingi za Cat6 zikifungwa fundo moja kwa safari ndefu, kelele ya moja inaingia kwenye nyingine, na kikomo cha gigabiti 10 hushuka hadi mita 37. Njia ya mita 38 iko ukingoni kabisa. Plasta ikishapigwa hakuna kurudi. Mimi nasema Cat6A.

Jozi_Nne
Hiyo 37 ni kweli. Lakini tazama kisanduku cha ukutani. Cat6 ina unene wa milimita 6 hivi, Cat6A inafika 7.5. Kona ya kebo isiwe kali kuliko mara nne ya unene wake, yaani milimita 24 kwa Cat6 na 30 kwa Cat6A. Kisanduku chenye kina cha milimita 35, ukishatoa nafasi inayoliwa na soketi yenyewe, hakikubali mpindo wa 30. Fundi atasukuma kwa dole gumba mpaka kifuniko kikae, jozi zitasogea ndani ya ganda, na utakuwa umelipia Cat6A ukapata kitu dhaifu kuliko Cat6 iliyolala vizuri. Bombani pia: milimita 25 inameza Cat6 nne kwa starehe, Cat6A tatu, na kwenye kona utazivuta kwa nguvu. Mvuto usizidi nyutoni 110, sawa na uzito wa kilo 11.

Kelele ya kebo kwa kebo huuma pale kebo nyingi zinapobeba gigabiti 10 kwa wakati mmoja. Njia ndefu usizikaze kwa tai za plastiki. Tumia velkro, ziache zilale kwa ulegevu.

Kabati_Safi
Kwa kina hicho cha kisanduku, nakubali. Basi Cat6A iende darini tu, kwenye Wi-Fi mbili: huko hakuna kisanduku kifupi, na huko ndiko kasi itakakopanda kwanza. Nunua visanduku vya milimita 47 kama bado hujavifunga. Na kila bomba liachiwe kamba ya kuvutia ndani, hata lile unalodhani limemaliza kazi.

Kabla_ya_Plasta
Asanteni. Muuzaji anasisitiza Cat7, na anasema Cat8 ndiyo mpya zaidi.

Shaba_Tupu
Cat7 haimo kwenye viwango vya TIA, chama cha Marekani cha viwango vya mawasiliano. Imo kwenye vya ISO, shirika la kimataifa la viwango, na vichwa ilivyotengenezewa ni GG45 na TERA, si RJ45, kile kichwa cha kawaida cha mtandao. Ukiifunga RJ45 hupati zaidi ya Cat6A. Cat8 ni ya vituo vya data, gigabiti 25 au 40, mwisho mita 30. Kwako haifiki.

Kuna jambo zito kuliko namba zote hizi: hiyo kebo ni shaba kweli? Madukani kuna CCA, alumini iliyopakwa shaba juu, na ganda limeandikwa Cat6 vizuri tu. TIA na ISO hazikubali hiyo kwa kebo za mtandao. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 ya shaba, kwa hiyo kamera iliyo mwisho wa kebo ndefu inazimika usiku taa zake zinapowaka, na kebo inapata joto. Tena hukatika ndani ya soketi baada ya kuguswaguswa.

Kabla ya kulipa, menya waya mmoja na uukwangue kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi moyoni. CCA chini ya wekundu inameta nyeupe kama bati. Mwenye mita ya umeme akate mita 30, aunganishe waya mbili za jozi moja upande wa mwisho, apime upande wa pili. Cat6 ya 23 AWG (kipimo cha unene wa waya) inatoa karibu omu 4, ukishatoa omu za nyaya za mita yenyewe. Ikisoma 6 na zaidi, irudishe.

Kuhusu kiasi: vituo 12 kwa mita 22 ni 264, ongeza kwa kila kebo mita 2 kabatini na sentimita 30 kwenye soketi, unafika karibu 292. Kasha lina mita 305. Nunua makasha mawili, maana sebuleni utataka kebo mbili.

Kabla_ya_Plasta
Vipi zenye ngao ya foili? Na banda?

Mkonga_Mwembamba
Ngao bila waya wa ethi ulioungwa sawasawa, kupitia soketi na kabati la chuma, haikingi ipasavyo na inaweza kunasa kelele yenyewe. Nyumbani bakia na UTP, iweke mbali na nyaya za umeme, na zikikutana zikatane kwa pembe mraba. Kamera za nje zipate kebo yenye ganda la polithini linalostahimili jua. PVC ya ndani hupasuka.

Bandani usipeleke shaba. Radi ikipiga karibu, au ethi ya banda ikitofautiana na ya nyumba, umeme utapita kwenye kebo hadi ndani ya swichi. Vuta faiba (kebo ya nyuzi za kioo) ya singomodi ya nje, nyuzi angalau mbili, iliyokwisha fungwa vichwa vidogo vya LC kiwandani, na kigeuzi kimoja cha faiba kwenda shaba kila upande. Bomba liwe na nafasi ya kupitisha kichwa.

Kichwa_Imara
Kebo nzuri huharibiwa mwishoni. Waya wa ukutani uishie kwenye soketi, siyo kwenye kichwa cha kubana; kebo laini ya nyuzi nyingi ndiyo ya kuunganishia. Fuata mpangilio wa rangi wa T568B pande zote, namba 1 hadi 8: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13.

Wengi hupanga rangi kwa mfuatano wa jozi, buluu mbili pamoja kisha kijani mbili, sawasawa pande zote. Kipima chenye taa nane kitawaka chote vizuri, kwa sababu kila waya umefika namba yake. Lakini waya namba 3 na 6, zinazopaswa kuwa jozi moja, sasa ziko kwenye misokoto tofauti, na gigabiti 1 itakatakata au isishike kabisa.

Swichi ikionyesha megabiti 100 badala ya 1000, jozi ya buluu au ya kahawia haijagusa: megabiti 100 hutumia 1-2 na 3-6 tu, gigabiti inataka jozi zote nne. Sukuma upya hizo waya nne kwanza, pande zote mbili. Fanya kipimo hiki kabla fundi wa plasta hajaingia.