Mafundi wa lamineti, hiyo nailoni ya chini mnaiogopea nini?

Wakuu, hili limezidi sasa. Sakafu ya lamineti, hii ya vibao vya kuunganisha, inalazwa besimenti, miezi michache tu maungio yameshavimba, na jibu la fundi ni lile lile: "Bosi, ulinunua feki." Feki ni kazi yenu!

Zege la chini ya ardhi kwa juu linaonekana kavu, kumbe mvuke unapanda usiku na mchana. Kupima wala si gharama. Kata nailoni futi mbili kwa mbili, ibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne, iache saa 48 hadi 72. Ukiibandua ukakuta matone kwa chini, au zege limekolea rangi, hakilazwi kibao hata kimoja mpaka ijulikane maji yanatoka wapi.

Hata pakionekana pakavu, nailoni ya milimita 0.2 inatandikwa tu: vipande vipandane sentimita 20, maungio yazibwe kwa tepu, kingo zipande ukutani zifichwe na sketi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta. Juu yake sponji ya milimita 2 au 3, MOJA. Wanaoweka mbili eti sakafu iwe laini ndio wanaovunja ndimi za vibao, zile kingo zinazoingiliana, maana kila hatua kibao kinabonyea. Sakafu isiyo sawa nayo inafanya hayo hayo. Laza rula ya mita 2. Mwanga ukipita kwa zaidi ya milimita 3, saga kilima au jaza bonde. Na maboksi yalale humo chumbani saa 48 kabla ya kufunguliwa, si kutoka kwenye gari moja kwa moja.

Sasa uwazi wa ukutani, hapa ndipo hasira zinapopanda. Hii sakafu inaelea, yaani haishikizwi chini, inatanuka na kunywea. Inataka milimita 8 hadi 10 kuzunguka kuta, nguzo, fremu za milango na mabomba. Fundi anauacha vizuri kabisa, halafu anapigilia sketi misumari ikipita kwenye kibao! Au anaujaza saruji "ili wadudu wasipite". Sketi inapigiliwa ukutani, basi.

Na msichanganye magonjwa. Sakafu ikiinuka katikati kama hema, ukikanyaga inashuka ukitoka inarudi, imebanwa mahali. Toa sketi, tafuta kibao kilichogusa ukuta, kata ukingo wake. Mara nyingi inalala yenyewe baada ya siku kadhaa. Lakini kingo za vibao zikiwa zimevimba, ukipitisha kidole unahisi tuta kwenye kila ungio, huo ni unyevu. Kiini cha kibao ni nyuzi za mti zilizoshindiliwa. Zikishavimba hazirudi, hata uzianike mwaka mzima.

Kwa hiyo kabla hujamtuma mteja akanunue maboksi mapya, toa sketi kwanza, funua kibao kimoja, utuambie chini yake umekuta nailoni au zege tupu.