Kalsiamu ikipungua, kwa nini misuli hukakamaa badala ya kulegea?

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dodoma
Shikamooni walimu wangu. Tumefundishwa kwamba msukumo wa neva ukifika kwenye ncha inayokutana na msuli, kalsiamu huingia ndani ya ncha hiyo, na ndiyo inayofanya asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ukunjike, imwagwe. Kwa hoja hiyo, mtu aliyepungukiwa kalsiamu katika damu angepaswa kulegea. Mbona basi vidole vyake hukakamaa?

Mkufunzi wa fiziolojia, Dodoma
Marahaba. Umechanganya kazi mbili za kalsiamu, na wengi huchanganya hapo hapo. Kwenye ncha ya neva, kalsiamu iliyoko nje ni takribani mara 10,000 ya ile iliyo huru ndani. Kwa hiyo milango yake inapofunguliwa na badiliko la umeme, huingia kwa kasi, hushikamana na protini iitwayo sinaptotagmini, na viputo vilivyokwisha kusogezwa ukingoni humwaga asetilikolini katika muda usiofika milisekunde moja. Mwaka 1967 Dodge na Rahamimoff, wakitumia msuli wa chura, walionyesha kwamba kalsiamu inapokuwa kidogo, umwagaji hufuata takribani kipeo cha nne cha kiwango chake: ukikipunguza nusu, umwagaji hukaribia kushuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Hapo una haki ya kutarajia ulegevu.

Lakini kalsiamu iliyoko nje pia huituliza milango ya sodiamu ya neva isifunguke ovyo. Ikipungua, neva hupeleka misukumo bila kuamriwa, na kwa binadamu hali hiyo hutangulia, kwa sababu ncha kwa kawaida humwaga asetilikolini nyingi kuliko inayohitajika kuukunja msuli. Hata ikipungua kiasi, msuli bado hutii. (Usiuite ukakamavu huo pepopunda, hiyo huletwa na bakteria.)

Afisa mifugo, Mpwapwa
Ulegevu anaoutarajia mwanafunzi sisi tunauona, ila kwa ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa akipata homa ya maziwa, yaani upungufu wa kalsiamu baada ya kuzaa (jina baya, kwani joto la mwili mara nyingi hushuka), mwanzoni hutetemeka, kisha hulala chini asiweze kuinuka, shingo ameikunjia ubavuni, kwa kuwa ncha za neva hazimwagi asetilikolini ya kutosha. Mbwa anayenyonyesha, kwa upungufu huo huo wa kalsiamu, hukakamaa. Ng'ombe tunamwekea kalsiamu borogluconeti kwenye mshipa, polepole, huku tukisikiliza moyo. Ng'ombe wetu wa asili, ambao hawatoi maziwa mengi, hupatwa mara chache.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dodoma
Nashukuru sana. Je, kwa binadamu hakuna hali ambapo umwagaji wenyewe ndio unaozuiwa?

Mkunga, Kongwa
Ipo, mwanangu, na huenda tukaisababisha sisi wenyewe. Mama mwenye kifafa cha mimba hupewa magnesiamu salfeti, na magnesiamu hushindana na kalsiamu kwenye milango ile ile ya ncha ya neva. Ndiyo maana kabla ya kurudia dozi tunagonga goti, tunahesabu pumzi na kupima mkojo, maana figo ndizo zinazoitoa dawa hiyo mwilini. Goti lisipoitika, dozi inasimamishwa. Pumzi zikikatika, tunamsaidia kupumua na kumpa gramu 1 ya kalsiamu gluconeti kwenye mshipa, polepole. Ampuli yake hukaa kwenye trei moja na magnesiamu.